Wimbo wa sinema ya Kihindi: Lahani hutangulia, jina la mtunzi huchelewa

KATIKA mabanda ya video ya Sirari, Nyamongo na Mugumu, mtazamaji hakuhitaji kujua Kihindi ili atambue kwamba wimbo unakaribia. Kijana na binti hutazamana, upepo hupeperusha shela, na ala za nyuzi huingia kabla mdomo wowote haujafunguliwa. Tangu mikanda ya video ilipofika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hadi zama hizi za simu za mkononi, vijana wa huko wamekuwa wakitoka kutazama sinema huku wakipiga mluzi lahani ambazo hawajui hata neno lake moja.

Wasichokijua wengi wao ni kwamba yule waliyemwona akiimba hakuimba. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, aliyesimama mbele ya kipaza sauti katika studio wiki au miezi kadhaa kabla ya kamera kuwashwa. Maneno yalikuwa ya mtu wa pili, lahani ilikuwa ya mtu wa tatu, na mpangilio wa ala huenda ulikuwa wa mtu wa nne ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Suala la nani hutunga, nani huimba na nani hulipwa limesogea karibu na mkoa huo kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 2025 mwongozaji maarufu wa India, S. S. Rajamouli, alipiga picha za filamu yake ya Varanasi nchini Kenya. Mapema Septemba mwaka huo, Mkuu wa Mawaziri wa Kenya, Musalia Mudavadi, alitangaza kwamba kundi la watu 120 lilikuwa limeichagua nchi hiyo baada ya kuzunguka Afrika Mashariki likitafuta mandhari, na akaitaja Masai Mara miongoni mwa maeneo yaliyopigwa picha. Masai Mara na Serengeti ni mbuga moja iliyokatwa na mpaka. Mto Mara unatoka huko, unapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha unazitenga wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kumwagika Ziwa Victoria.

Muziki wa Varanasi uko mikononi mwa M. M. Keeravani. Huyo ndiye aliyepokea tuzo ya Oscar Machi 2023, pamoja na mshairi Chandrabose, kwa ajili ya wimbo wa "Naatu Naatu" katika filamu ya RRR. Filamu hiyo ni ya Kitelugu, si ya Kihindi, ingawa Afrika Mashariki zote huitwa "picha za Kihindi". Ikumbukwe pia kwamba Oscar ya wimbo hupewa mtunzi wa lahani na mtunzi wa maneno. Waimbaji wawili wa wimbo huo walipanda jukwaani kuuimba usiku ule, lakini tuzo haikuwa yao.

Watunzi wa aina hiyo husikiliza kila kinachopita. Kamera za wenzao zikifika karibu namna hii na kijiji chenye mpiga litungu, ni busara kuelewa jinsi wimbo wa filamu unavyotengenezwa na jinsi majina yanavyopotea njiani.

Sauti ya kukopeshwa

Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay, mji unaoitwa Mumbai siku hizi, tarehe 14 Machi 1931. Iliongozwa na Ardeshir Irani na ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata ilitoka Indra Sabha, yenye nyimbo zinazokaribia 70. Wingi huo haukuwashangaza watazamaji, kwa kuwa maigizo ya jukwaani ya India, hasa yale ya makampuni ya Waparsi, yalikuwa ya kuimba tangu karne ya 19. Sinema ilipopata sauti ilirithi tu desturi iliyokuwapo.

Mwanzoni mwigizaji aliimba mwenyewe huku kamera ikizunguka. Wapiga ala walijificha nyuma ya miti au pembeni mwa picha, na kipaza sauti kimoja kiliwatosha wote. Kosa la mpiga tabla mmoja lililazimu kurudia kila kitu. Ndiyo maana mwaka 1935, katika studio za New Theatres za Calcutta, ilipotengenezwa filamu ya Dhoop Chhaon, wimbo ulirekodiwa kwanza peke yake, kisha ukapigwa kwa kipaza sauti wakati wa kupiga picha ili waigizaji waufuatishe kwa midomo. Njia hiyo ilienea haraka. Baada ya hapo mwigizaji hakulazimika tena kuwa na sauti nzuri, na mwenye sauti nzuri hakulazimika kuwa na sura ya kutazamwa.

Hapo ndipo alipopata nafasi Lata Mangeshkar, aliyezaliwa 1929 na kufariki dunia tarehe 6 Februari 2022. Aliwaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa, na watazamaji walizeeka wakiisikia sauti ileile ikitoka katika sura mpya. Umaarufu wake mkubwa ulianza na filamu ya Mahal ya mwaka 1949, katika wimbo wa "Aayega Aanewala" uliotungwa na Khemchand Prakash. Santuri ilipotoka, jina lililochapwa kuwa la mwimbaji lilikuwa Kamini. Kamini hakuwa mtu. Lilikuwa jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala katika filamu hiyo. Kwa maneno mengine, santuri ilimtaja kiumbe wa kubuni na kumwacha mwanamke aliyeimba. Khemchand Prakash naye alifariki dunia mwaka 1950, wimbo huo ukiwa bado unaenea.

Lata hakusahau jambo hilo. Filamu ya Chori Chori iliposhinda tuzo ya Filmfare ya muziki mwaka 1957, aliombwa aimbe katika hafla, akakataa kwa hoja kwamba waandaaji hawakuwa na tuzo ya mwimbaji. Tuzo hiyo iliwekwa mwaka 1959, na wa kwanza kuipata alikuwa yeye mwenyewe.

Neno hukata nguo kwa kipimo cha lahani

Kwa mtu aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili, ambamo mtunzi huandika beti kwanza na mwimbaji hutafuta mahadhi baadaye, utaratibu wa studio za Bombay huonekana kinyumenyume. Mwongozaji hukaa na mtunzi wa muziki na kumsimulia mahali wimbo unapoingia katika hadithi, iwe wapenzi wamegombana, mama amempoteza mwana au jambazi anacheza ngoma msituni. Mtunzi huketi na kinanda chake na kutafuta lahani. Ikipatikana, huiimba kwa maneno yoyote yanayomjia mdomoni, hata yasiyo na maana, mradi tu idadi ya silabi na mahali pa pumzi vijulikane. Kisha mshairi huitwa aondoe upuuzi huo na kuweka maneno yenye maana, bila kuongeza silabi wala kupunguza.

Kwa muundo wa kawaida, wimbo huwa na mstari au mistari michache ya mwanzo ambayo hurudi kila mara, kama kiitikio au kibwagizo. Katikati huja beti zinazopanda juu kwa sauti na kutoa habari mpya, kisha hutafuta njia ya kushuka na kuingia tena katika kiitikio. Kati ya beti na beti ala hupewa nafasi ya kutamba. Urefu wa dakika tatu hivi ulitokana na santuri za zamani, ambazo upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya hapo. Kwenye skrini wimbo uleule ungeweza kurefushwa.

Kazi hiyo iliwavuta watu wa kila aina. Shailendra, aliyeandika maneno ya wimbo mkuu wa Awara (1951), alikuwa mfanyakazi wa karakana ya reli. Inasimuliwa kwamba Raj Kapoor alimsikia akisoma shairi na kutaka kulinunua, mshairi akamkatalia, kisha akamrudia mwenyewe baadaye dhiki ilipomzidi. Mwenzake Hasrat Jaipuri alikuwa kondakta wa basi. Hao wawili, pamoja na watunzi Shankar na Jaikishan na sauti ya Mukesh, ndio waliotengeneza nyimbo zilizomfanya Raj Kapoor apendwe kuanzia Moscow hadi Zanzibar. Anand Bakshi, aliyekuja baada yao, aliandika nyimbo zaidi ya 3,000, zikiwamo zile za Sholay (1975). Mtu anaweza kudharau wingi kama huo, lakini kati ya nyimbo hizo zimo ambazo washairi wa vitabuni wangetamani kuziita zao.

Sahir Ludhianvi alikuwa wa aina nyingine. Aliingia katika filamu akiwa tayari mshairi mwenye jina katika Kiurdu, na alipenda shairi litangulie na lahani ifuate. Huyo anatajwa kuwa miongoni mwa waliopigania redio ya taifa ya India itangaze jina la mtunzi wa maneno pamoja na la mwimbaji. Mwaka 1957 aliandika nyimbo za Pyaasa, filamu ya Guru Dutt kuhusu mshairi fukara anayedhaniwa kuwa amekufa, huku wengine wakitajirika kwa mashairi yake. Baada ya filamu hiyo Sahir na mtunzi wake wa muziki, S. D. Burman, waliachana. Wanaosimulia habari zao husema chanzo kilikuwa ni ubishi juu ya nani hasa anastahili sifa za nyimbo zile.

Kutoka Bombay hadi Mombasa

Uhusiano wa mwambao wa Waswahili na studio za Bombay ni mkongwe kuliko filamu zenyewe za sauti. Mwaka 1928, miaka mitatu kabla ya Alam Ara, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwa meli kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi taarabu kwa kampuni ya santuri ya HMV. Shaaban Robert ameisimulia habari yake katika Wasifu wa Siti binti Saad. Nembo ileile ya HMV ndiyo baadaye iliyobeba sehemu kubwa ya nyimbo za filamu za India, na biashara ile leo inajulikana kwa jina la Saregama.

Filamu zilipoanza kumiminika, kumbi za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na miji mingine zilijaa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu watazamaji wa sinema katika miji ya Tanzania, ameonyesha kwamba Waafrika, Wahindi na Waarabu walizitazama picha hizo pamoja, na kwamba tiketi za filamu iliyopendwa zililanguliwa mlangoni. Awara ilikuwa kati ya zile zilizokumbukwa kwa miaka mingi. Wengi hawakuelewa mazungumzo, lakini hadithi ya mwana anayehangaika kati ya uhalifu na uungwana haikuhitaji mkalimani, na wimbo ulihitaji mkalimani hata kidogo zaidi.

Mombasa ilikwenda mbali zaidi ya kutazama. Huko duka la Assanand liliuza santuri za Kihindi na kurekodi za Kiswahili kwa nembo yake ya Mzuri, kwa hiyo lahani za pande mbili ziliishi katika rafu moja. Waimbaji wa mji huo walianza kuchukua lahani za filamu na kuzivisha maneno ya Kiswahili. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa 1942 na kufariki dunia Aprili 2014. Bhalo aliimba kwa sauti nyembamba ya puani iliyomkumbusha msikilizaji waimbaji wa Bombay, akisindikizwa na kinanda cha upepo na tabla, katika harusi za usiku kucha. Kanda zake ziliuzwa kwa miaka mingi katika duka la Mbwana Radio Service. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwandishi wa diwani ya Malenga wa Mvita.

Wapo waliowabeza waimbaji hao kwamba ni wezi wa lahani tu. Lawama hiyo ina ukweli kiasi, lakini haioni ugumu wa kazi iliyofanyika. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mizani 16 katika mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Lahani ya filamu haijali hesabu hiyo. Mstari mmoja unaweza kutaka silabi 11, unaofuata saba, na katikati pakawa na silabi moja inayovutwa kwa pumzi nzima. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, wakati mstari wa Kihindi mara nyingi hutua kwa nguvu kwenye silabi ya mwisho kabisa. Mtunzi asiye mwangalifu hujikuta akiuvuta mwisho wa neno mahali ambapo ulimi wa Mswahili haukuzoea, na neno likasikika kama limevunjika shingo.

Aliyekuwa hodari alitafuta neno ambalo vokali yake ya mwisho inastahimili kuvutwa, akakiweka kina hapohapo, na bado akahakikisha fumbo limekamilika. Kwa hakika alikuwa akifanya kazi ileile ya Shailendra na Anand Bakshi, ya kukata nguo ya maneno kwa kipimo cha lahani iliyotangulia. Tofauti ni kwamba wao waliketi chumba kimoja na mtunzi wa lahani, na yeye aliisikia kwenye santuri, ng'ambo ya bahari, bila kuulizwa wala kuuliza.

Katika miaka ya karibuni desturi hiyo imechukua sura nyingine. Kili Paul, Mmasai wa Chalinze, mkoani Pwani, na dada yake Neema walipata mamilioni ya wafuasi kwenye mitandao, wengi wao Wahindi, kwa kufuatisha midomo nyimbo za filamu kama Shershaah ya mwaka 2021. Februari 2022 Kili alitunukiwa na Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam, na mwishoni mwa mwezi huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawasifu ndugu hao katika hotuba yake ya redio. Walioshangaa kwamba mtu asiyeimba anaweza kusifiwa kwa wimbo walisahau kwamba waigizaji wa Bombay wameishi kwa ufundi huohuo tangu 1935.

Fedha zilikokwenda

Nyuma ya sauti na maneno lilikuwapo kundi kubwa la wapiga ala na wapangaji wa muziki. Wengi wao walikuwa Wagoa waliojua kusoma na kuandika nota, ujuzi ambao watunzi wengi wenye majina hawakuwa nao. Mtunzi aliimba lahani, Mgoa akaiandika, akagawa sehemu za fidla na tarumbeta, akaongoza kikosi. Majina yao hayakuonekana kwenye santuri. Mmoja wao, Anthony Gonsalves, aliyefariki dunia mwaka 2012, alikumbukwa kwa njia ya ajabu. Mwanafunzi wake Pyarelal alilipenyeza jina lake katika wimbo wa Amar Akbar Anthony (1977), Amitabh Bachchan akajitambulisha kwalo, na mamilioni ya watu wakaliimba wakidhani ni la mhusika wa kubuni. Ni kisa cha Kamini kilichogeuzwa juu chini.

Kuhusu malipo, desturi ilikuwa rahisi na ya kikatili. Mtunzi na mshairi walilipwa mara moja, basi. Mtayarishaji wa filamu ndiye aliyemiliki wimbo na kuziuzia kampuni za santuri haki zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 suala la mrabaha liliwatenganisha hata Lata na Mohammed Rafi. Lata alitaka waimbaji wapate sehemu ya mauzo, Rafi aliona kwamba aliyelipwa ada yake amemalizana na mtayarishaji, na wawili hao wakapitisha miaka kadhaa bila kuimba pamoja. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mtayarishaji aliyeagiza na kulipia muziki wa filamu yake ndiye mwenye haki, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo. Mikataba, bila shaka, haikusema vinginevyo.

Ilichukua miaka 35 kurekebisha hali hiyo. Mwaka 2012 Bunge la India lilibadili Sheria ya Hakimiliki, baada ya kampeni iliyoongozwa na mshairi na mwandishi wa filamu Javed Akhtar, aliyekuwa mjumbe wa kuteuliwa wa bunge la juu. Tangu hapo, mtunzi wa maneno na mtunzi wa lahani wana haki ya kupata mrabaha wimbo unapotumika nje ya ukumbi wa sinema, iwe redioni au kwenye simu, na haki hiyo hawawezi kumsalimishia mtayarishaji hata wakitia saini. Kipengele hicho cha mwisho ndicho chenye uzito. Watunga sheria walitambua kwamba mshairi mwenye njaa atasaini chochote.

Lahani ya Mwafrika yafika Bombay

Ukopaji haukuwa wa upande mmoja. Mwaka 1987 Mory Kanté wa Guinea, mzaliwa wa ukoo wa manju na mpiga kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, alitoa albamu ya Akwaba Beach, yenye nyimbo za "Yé ké yé ké" na "Tama". Miaka mitatu baadaye Bappi Lahiri alitoa "Tamma Tamma Loge" katika filamu ya Thanedaar, na mwaka 1991 Laxmikant na Pyarelal wakatoa "Jumma Chumma De De" katika Hum. Nyimbo hizo mbili zilishindana kwa umaarufu India nzima, na zote zinarudi kwa Mory Kanté. Kora ya manju wa Guinea ilisafiri hadi kwenye ngoma za Bombay na kutoka hapo ikarudi Afrika katika mikanda ya video, ikachezwa kama kitu cha Kihindi.

Kuna pia ukopaji usioumiza mtu. Katika filamu ya Kitamil ya Enthiran (2010), A. R. Rahman alitunga wimbo uitwao "Kilimanjaro", uliopata umaarufu mkubwa. Ulipigwa picha Machu Picchu, nchini Peru.

Kisa cha Mory Kanté ndicho kinachoihusu Tarime. Wakurya, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Sirari na pia wilayani Serengeti, wana litungu, ala ya nyuzi nane yenye bakuli la mti lililofunikwa ngozi na sauti nzito inayotetema. Mpiga litungu huwa ndiye pia mtunzi na mwimbaji. Husifu koo na mashujaa, husimulia habari za ng'ombe, huchangamsha harusi na msimu wa tohara, na hubadilisha maneno kufuatana na waliopo mbele yake. Yeye hana haja ya kugawanya kazi kati ya watu wanne kama Bombay. Kwa mtunzi wa muziki wa filamu anayewinda sauti mpya, mzunguko mfupi wa nyuzi za litungu unaojirudiarudia ni mali, na simu moja ya mkononi inatosha kuunasa katika dakika mbili.

Sheria haijamsahau. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena inatenga sehemu maalumu kwa kazi za sanaa za jadi, ambayo inataka kibali pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, na chini ya mkataba huo ulinzi hautegemei usajili. Kinachotegemea usajili na kumbukumbu ni ushahidi. Mtunzi akirekodi wimbo wake, akaweka tarehe, na akauandikisha katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), anakuwa na kitu cha kuweka mezani siku lahani yake ikisikika mahali pengine. Asipofanya hivyo atakuwa na mashahidi wa kijijini tu, dhidi ya wanasheria wa kampuni ya muziki.

Ugumu unabaki katika mpaka kati ya kilicho cha mtu na kilicho cha jamii. Mzunguko wa nyuzi ambao kila mpiga litungu wa Tarime anaujua ni wa jadi. Wimbo ambao mmoja wao ameutunga juu ya mzunguko huo ni wake. Mtunzi wa filamu akichukua vyote viwili kwa pamoja, vibali vinavyohitajika ni viwili, na malipo hayaendi mahali pamoja. Jambo hili linahitaji kusemwa waziwazi kabla ya kusaini, kwa sababu karatasi ambayo makundi ya filamu huwapa wenyeji kwa kawaida inahusu sura na sauti ya mtu kuonekana katika picha, na ndani yake lahani inaweza kuingizwa kwa mstari mmoja tu, bila ada ya ziada.

Yanayofaa kutafutwa katika karatasi kama hiyo ni machache: kama lahani imetajwa peke yake, mbali na malipo ya siku, kama jina la mtunzi litaandikwa kwenye filamu na kwenye wimbo utakaouzwa mitandaoni, na kama kuna asilimia ya mrabaha au ni fedha ya mara moja. Mtunzi wa India analindwa na sheria ya 2012 ya nchi yake asipoteze haki ya mwisho hata akisaini kinyume. Mpiga litungu wa Nyamongo au Mugumu anayesaini mkataba ulioandikwa chini ya sheria ya nchi nyingine lazima aanze kwa kuuliza ni sheria ya nchi gani hiyo.